Rimoti Iko Sebuleni

Sehemu ya Tisa

Ninyi mliolala na hasira wiki nzima kwa sababu nilikata pale pale ufunguo ulipogeuka mlangoni, haya, shusheni pumzi. Ufunguo ulikuwa wa Shauki. Karudi saa kumi alasiri, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kazi ya kusoma mita za maji mtaani Shubra.

Na mkewe Inshirah? Alikuwa chumba cha pili, kajifungia, simu ya mezani kaibana baina ya bega na sikio. Mtangazaji wa kipindi cha fatwa alikuwa amekwisha kumwambia, mbele ya nusu ya Waarabu wa dunia hii, "Mama kutoka Cairo, karibu, uko hewani."

Siku tano alikuwa akiipiga namba ile, na siku tano laini imejaa. Leo imefunguka, na dakika hiyo hiyo mume kaingia. Sasa akate? Akikata, ataipata tena lini?

Hakukata.

"Asalaam aleikum, shehe," alisema kwa sauti ya mwizi.

"Mama, punguza sauti ya televisheni yako," mtangazaji alimkatiza.

"Yangu nimeizima sauti, mwanangu."

"Mbona tunaisikia?"

"Hiyo ya sebuleni. Hiyo siiwezi."

Alisema kweli tupu. Fleti ile ina televisheni mbili, lakini king'amuzi ni kimoja, nacho kiko sebuleni. Waya umetokea huko, ukapita roshani juu ya kamba ya nguo, ukaingia chumba cha pili kwa dirishani. Sebuleni wakitazama mpira, chumba cha pili nacho ni mpira. Wakizima, ni giza. Zamani alikuwa na rimoti yake, na kile kijicho cha soko la Ataba kinachochukua amri ya rimoti ya chumbani na kuipeleka sebuleni. Ijumaa iliyopita Shauki alikikanyaga kwa kisigino, kikawa unga.

"Sema, binti yangu," Shehe Abdulmuizi alimhimiza. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na subira ya kulipwa.

"Shehe, mume wangu aliapa kwa talaka."

Sekunde chache baadaye Inshirah akaisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka upande wa pili wa ukuta, kubwa, ya wazi: *Shehe, mume wangu aliapa kwa talaka.* Akakaa kitandani.

Sebuleni, Hajjat Tahiya, mama yake Shauki, alikuwa akisinzia mbele ya televisheni. Mlango ulimwamsha. Mwanawe hata salamu hajatoa, Hajjat akamnyooshea kidole.

"Nyamaza wewe! Kuna mwanamke anamweleza shehe vituko vya mumewe."

Shauki alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Tumebakiwa na talaka moja tu, shehe," sauti ilisema. "Mbili alikwisha kunipa, akanirejea."

"Mbili!" Hajjat alipiga paja. "Na ya tatu anaichezea! Mume gani huyu? Hakulelewa? Hana mama?"

"Anaye," Shauki alisema polepole.

"Ijumaa alikuwa anatazama mpira sebuleni," sauti iliendelea, "na mimi niko chumba cha pili nataka tamthilia yangu."

Mkono wa Hajjat ulikuwa umeinuka kupiga paja mara ya pili. Ulibaki hewani.

"Nikabonyeza rimoti yangu, mpira ukaondoka. Hiyo ni mimi, shehe, sikatai. Akaurudisha, akanipigia kelele ukutani: 'Naapa kwa talaka, wewe mwanamke, ukibadilisha chaneli hii mara nyingine, si mke wangu!'"

Ulimi hauna mfupa. Wanaume wa mtaa ule huapa kwa talaka kama wengine wanavyosema "inshallah." Muuza samaki anaapa kwa talaka kuwa samaki ni wa leo. Mgeni akikataa chai, anaapiwa talaka mpaka ainywe. Wala wake zao hawashtuki. Lakini hao wanazo tatu kamili, jamani. Shauki alikuwa amebaki na moja, akaiweka juu ya chaneli.

"Ikawaje?" aliuliza shehe.

"Ikabadilika tena. Dakika ya mwisho, wakati wa penalti."

"Uliibadilisha wewe?"

"Wallahi si mimi! Rimoti yangu nilikwisha kuitupa kitandani, nilikuwa nalia."

"Basi nani?"

"Sijui. Sebuleni walikuwa wawili, yeye na mama yake. Yeye alikuwa anataka mpira. Na mama yake hajui rimoti, shehe. Tangu dishi lipandishwe juu ya paa hajaigusa. Kila akitaka chaneli hutuita."

Shauki alimtazama mama yake. Hajjat alikuwa anahesabu tasbihi, haraka haraka, macho kwenye shanga.

"Huyo ni Inshirah," Shauki alisema.

"Nimesikia. Sina uziwi."

"Bado anasema si yeye."

"Na nani atakubali mwenyewe kosa kama hilo?" Hajjat alijibu, tasbihi ikikimbia.

Shauki alienda kwenye ujia. Waya wa simu ulipita chini ya mlango wa chumba cha pili. Aliinua mkono abishe hodi. Akaushusha. Aingie, akafanye nini? Kama talaka imeanguka, yule ndani si mkewe, na kukaa naye faragha ni haramu. Kama haijaanguka, amemtesa siku tano bure. Siku tano analala kochini huku yeye yuko chumba cha pili, na baina yao ukuta.

Niwaambieni jambo alilolificha hata kwa mama yake. Kila jioni ikifika saa ya ile tamthilia ya Inshirah, tamthilia anayoichukia kuliko kodi, Shauki amekuwa akiiweka yeye mwenyewe sebuleni na kukaa kuitazama mpaka mwisho. Hasemi kitu. Upande wa pili Inshirah anaiona ikitokea, naye hasemi kitu. Hiyo ndiyo ndoa iliyobaki.

"Binti yangu," shehe alisema, "nusu ya maneno unayo wewe, nusu anayo mumeo. Mimi sihukumu kwa nusu. Bwana, kama unatusikia, na hao waume hutusikia siku zote hata wakijifanya wamelala, piga sasa hivi. Laini utaachiwa."

Simu ya Inshirah ikakatika. Kwenye kioo yakaja matangazo: asali ya mlimani, mafuta ya habasoda, dawa ya kiuno.

Akasikia mlango wa nje ukifunguliwa na kufungwa. Viatu vikapanda ngazi kuelekea juu ya paa, kwenye msitu wa madishi, ambako simu ya mkononi hushika mtandao vizuri na hakuna mama wa kusikiliza.

Inshirah alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akairudisha sauti. Sasa kila kitu kiko juu ya yule mtu aliyeko paani, na yeye hawezi kumsaidia hata kwa neno moja. Hawezi kumwambia sema hivi, usiseme vile. Hawezi hata kuipandisha chaneli wala kuishusha. Anapewa ndoa yake kwa waya, anachoweza ni kutazama.

Asali ilikwisha. Shehe akarudi.

"Tunaye bwana kutoka Cairo."

"Shehe," ilisema sauti ya Shauki, na upepo wa paani ukivuma ndani yake, "mimi ndiye yule mume."

Inshirah aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ahlan, mwanangu. Mpira uliisha vipi?"

"Tulifungwa."

"Na nyumbani pia umefungwa. Haya, nijibu la kwanza. Ijumaa ile sebuleni alikuwepo nani?"

"Mimi na mama yangu."

"Rimoti ilikuwa kwa nani?"

Shauki alifikiri. "Ilikuwa kochini, shehe. Mimi nilisimama kwa ajili ya penalti. Sikuishika."

"Basi sikilizeni nyote mliomo nyumba hiyo. Mkono uliobadilisha chaneli, uwe wa nani, kama hautajitokeza na ndoa ikavunjika, damu ya ndoa hii iko shingoni mwa mwenye mkono huo mpaka siku ya kiyama. Sasa la pili, mwanangu, na hili ndilo zito. Ulipoapa ulikusudia kumwacha kweli, au ulitaka kumtisha tu asibadilishe? Kama ulimtisha tu, wapo maulamaa wanaosema utalisha masikini kumi, na mkeo ni mkeo. Niambie kilichokuwa moyoni. Usinidanganye mimi, maana si mbele yangu utakaposimama siku ya kiyama."

Upepo tu.

"Sema 'kumtisha'," Inshirah alikinong'oneza kioo. "Shauki, mpenzi wangu, sema kumtisha."

"Shehe," Shauki alianza, "wallahi mimi wakati ule..."

Picha ikaruka.

Mpishi mnene mwenye kofia ndefu alikuwa ameshika njiwa, anamshindilia ngano tumboni kwa kidole gumba. "Tusimjaze sana, mabibi," alisema kwa furaha, "asije akapasuka motoni!"

Inshirah alipiga kelele. Alikipiga kioo kwa kiganja, njiwa akatikisika, lakini akabaki njiwa. Akafungua mlango, akakimbia ujia mzima pekupeku, akaingia sebuleni.

Hajjat Tahiya alikuwa amekaa wima kochini. Rimoti ilikuwa mkononi mwake, kidole gumba bado juu ya kitufe.

Wote wawili wakaitazama rimoti.

"Mama," Inshirah alisema. "Unajua rimoti?"

"Imejibonyeza."

"Rudisha! Kwa ajili ya Mtume, mama, rudisha, anajibu sasa hivi!"

"Chaneli gani? Mimi sijui hizi..."

"Mama!"

Sijui Hajjat aliona nini usoni mwa mkwewe. Lakini bila miwani, bila kutazama, kidole chake kilibonyeza tisa, kikabonyeza mbili, kikabonyeza moja, upesi kuliko makarani wa benki. Shehe akatokea.

"...umesema kweli, mwanangu," shehe alikuwa akisema, na sauti yake imeshuka, "na kweli ni nzito. Wengi wangenidanganya hapa. Kama ulikusudia, kama ulivyosema, basi mlango wa masikini kumi umefungwa."

Kumbe alikusudia. Miaka kumi na mmoja, na kwa kitambo cha kupepesa jicho, kwa ajili ya penalti, alikusudia kweli. Inshirah alishika ukingo wa meza. Iliuma kuliko hofu yote ya siku tano, na kilichozidi kuuma ni kwamba hakuisikia kwa mdomo wa Shauki mwenyewe. Dakika ile alikuwa anatazamishwa njiwa.

"Mlango uliobaki ni mmoja," shehe aliendelea. "Kama mkono ni wa mkeo, hakuna ndoa. Kama mkono si wake, kiapo hakikuanguka, na mkeo ni mkeo, hata eda hana. Nenda kaulize nyumbani kwako. Na mpaka ulijue hilo, yule ni mtu baki kwako. Mungu ndiye Mjuzi. Anayefuata!"

Mwanamke wa Alexandria akaanza kuuliza habari za wigi.

Inshirah alipiga magoti mbele ya kochi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na dakika mbili, muda wa mtu kushuka kutoka paani.

"Ulikuwa wewe Ijumaa."

Hajjat alitikisa kichwa kukataa, kisha kichwa kikachoka.

"Alisimama kwa penalti," alisema. "Mwili wake wote mbele ya kioo, sioni. Nikajisogeza. Nikaikalia. Wallahi, Inshirah, niliikalia tu, sikukusudia shari. Mpira ukapotea, naye akageuka na macho yale, akaenda kwako kupiga mlango. Mimi nikasema moyoni nitamwambia akitulia. Hakutulia. Kesho yake nikasema kesho."

"Na siku zote hizi unajifanya hujui rimoti?"

"Nikisema najua, nani atakuja kukaa nami?" Bibi kizee alianza kulia bila sauti. "Mkiniwekea chaneli hukaa kidogo. Wewe hukaa. Hukaa mpaka chai iishe."

Hapo Inshirah naye alilia, maana ni kweli, hukaa mpaka chai iishe. Alimpenda bibi huyu, na bibi huyu alikuwa anamuua.

"Basi mwambie, mama. Neno moja tu. 'Niliikalia.' Hatakumeza."

"Amenyoa nywele za kichwa kwa mawazo. Amekikanyaga kile kijicho. Amelala kochini siku tano na mgongo ule. Halafu nimwambie ni mimi? Ataniangaliaje?"

"Na mimi ataniangaliaje?"

"Wewe kijana. Utaolewa."

"Sitaki kuolewa! Nimeolewa!"

Ngazini, viatu vilikuwa vinashuka. Ghorofa ya sita. Ya tano. Inshirah alivijua, kiatu cha kulia hukokota kidogo. Vikafika kwao, vikasimama.

Alisubiri ufunguo.

Miaka kumi na mmoja amekuwa akiusikia ufunguo ule. Hata siku hizi tano za ukuta, Shauki aliingia kwa ufunguo, maana mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Inshirah aliutazama mlango, akiungoja ugeuke.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti yake. Ufunguo anao mfukoni, na anapiga hodi.

Hajjat Tahiya alishika kifua.

"Hodi!" Shauki alirudia nje. Sauti ilikuwa ya adabu, ile anayoitumia kwenye milango ya watu anapokwenda kusoma mita. "Mama, mwambie mwanamke aliyemo ndani ajifunike, nipite."

Mwanamke aliyemo ndani. Inshirah alichukua shela ya kusalia ya Hajjat kwenye mkono wa kiti, akajifunika nywele zile ambazo wiki iliyopita tu Shauki alikuwa akizipaka mafuta, akiimba. Shela ikaanguka, akaiokota, akajifunika tena.

Angeweza kupiga kelele yeye, "Ni mama yako!" Lakini amesema siku tano kuwa si yeye, na siku tano hakuaminiwa. Akimtaja mama leo, atakuwa mwanamke aliyevunja ndoa na sasa anamsingizia bibi kizee. Neno lilikuwa kwenye mdomo mmoja tu duniani, na mdomo huo ulikuwa hatua moja kutoka kwake.

Alimshika Hajjat magoti yote mawili.

"Mama, atapiga hodi ya tatu. Akipiga ya tatu asiitikiwe, unamjua mwanao, ataondoka, na akienda kuiandikisha talaka hairudi. Sema. Nakuomba, sema akiwa hapo."

Midomo ya Hajjat ilifunguka. Inshirah aliona neno likija, aliliona kabisa, liko kwenye ulimi.

"Mwanangu..." Hajjat alianza, sauti ya kunong'ona isiyoweza kufika hata mezani.

"Kwa nguvu, mama!"

"Hodi!" Ya tatu.

Hajjat alimtazama Inshirah. Alitazama mlango. Kisha kidole chake, kile kidole kisichojua rimoti, kikatafuta kitufe cha sauti, kikakibonyeza na kukibonyeza. Mwanamke wa Alexandria na wigi lake wakajaa sebule nzima, wakajaa ujia, na chumba cha pili kikawaitikia, mpaka bilauri za chai zikalia mezani.

"Karibu!" Inshirah alipiga kelele. "Karibu, Shauki, karibu!"

Hakujisikia hata mwenyewe.

Na nje, nyuma ya mlango, kiatu kinachokokota kilianza kushuka ngazi.